Filamu Ambazo Hakuna Mtu Huchukua

Wanawake tunaokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki huniuliza nilikuwa nakula nini. Wanadhani kuna majani fulani, supu fulani, asali ya mahali fulani. Nikiwaambia kwamba nilikuwa natazama filamu, wananiangalia kama mtu anayewaficha kitu. Nyokabi, ambaye hutoka Giakanja na tulianza matibabu karibu pamoja, aliniambia wazi, "Mama Amina, hata sisi tuko na tivii. Na bado tunaumwa."

Sisemi filamu ziliniponya. Dawa ndiyo iliyoniponya, kama nimepona, maana hata daktari hulisema neno hilo kwa kusitasita. Ninachosema ni kwamba ilikuwepo miezi ambayo sikuweza kukiamini kichwa changu mwenyewe. Filamu zilinisaidia katika miezi hiyo, na moja kati ya hizo karibu inivunjie nyumba. Mpaka leo sijui niweke wapi mstari kati ya mambo hayo mawili. Nitaeleza jinsi yalivyotokea, na aliye katika hali kama yangu achukue linalomfaa.

Naitwa Mariamu. Nashona sare za shule katika kibanda kimoja mjini Nyeri, si mbali na msikiti. Mume wangu, Yusufu, ni dereva wa lori. Hubeba kabichi na viazi kutoka Chaka hadi soko la Karatina. Mama yake, Bibi Zuhura, tunaishi naye nyumba moja tangu nilipoolewa. Mtoto wetu ni mmoja tu, Amina, na mwaka ninaousimulia alikuwa Nanyuki, chuoni, akisomea ualimu.

Uvimbe aliuona Bibi kwanza. Ilikuwa wakati wa mvua ndefu, nilikuwa nafunga mtandio mbele ya kioo, akanishika shingo kwa vidole vyake vya baridi na kuuliza, "Hii ni nini?" Nikasema ni jino. Niliendelea kusema ni jino mpaka mwezi wa sita, baridi iliposhuka na mlima ukapotea kabisa ndani ya ukungu. Mji mzima ulikuwa umevaa makoti, na mimi naamka shuka zimelowa jasho kana kwamba nimelala Mombasa. Nguo zangu nilizipunguza kiunoni mara mbili, kwa cherehani yangu mwenyewe, kabla ya kukubali kwamba si jino.

Mambo ya daktari sitayaeleza, kwa sababu sikuyaelewa wakati ule na sina hakika nayaelewa sasa. Ilikuwa saratani ya tezi. Alisema ni aina inayosikia dawa. Nililishika neno hilo moja, nikatoka nalo mpaka kwenye ngazi za nje, nikamwambia Yusufu, "Inasikia."

"Inasikia nini?" akauliza.

Tulisimama pale kama wageni walioshushwa kituo ambacho si chao.

Kemo ya kwanza, yaani dawa ya kudondoshewa mshipani, ilikuwa katikati ya baridi ya Julai. Chumba cha kungojea kina mabenchi ya mbao na runinga ndogo iliyofungwa juu ya ukuta, bila sauti. Watu huja na blanketi na chupa za uji, na kila mmoja hutafuta nafasi karibu na dirisha, halafu hugundua kwamba dirisha ndilo linaloingiza baridi. Unangoja damu ipimwe, unangoja majibu ya damu, unangoja kiti, kisha unangoja dripu iishe. Siku hiyo ya kwanza mzee mmoja asiyenijua alinipa nusu ya chungwa lake bila kusema neno. Nilikuwa bado nausikia utamu. Kufikia dawa ya pili kila kitu kinywani kilikuwa na ladha ya chuma.

Nywele zilitoka zote kwa wiki moja. Mjini hakuna aliyejua, maana mtandio ulificha, lakini nyumbani nilikuwa naziona kwenye mto, kwenye sabuni, kwenye chai. Bibi ndiye aliyeninyoa zilizobaki, uani, juani, akiniimbia wimbo wa kunyamazisha watoto. Kucha zilibadilika rangi. Vidole vilikufa ganzi kwenye ncha, na kwa fundi wa nguo hilo ni kama kupofuka: nilikuwa najichoma sindano na kujua tu nikiona damu kwenye kitambaa.

Lakini vidole havikunitisha kama kichwa. Siku moja kibandani nilitaka mkasi na neno "mkasi" halikuja. Nilimwambia jirani yangu, "Nipe ile ya kukatia," akacheka, akadhani ni mzaha. Siku nyingine nilikata sweta za shule na nilipomaliza nikaona mikono yote niliyokata ni ya kushoto. Nimekata mikono tangu nikiwa msichana. Nilikaa nikiitazama, nikijaribu kukumbuka kama labda kuna shule inayotaka hivyo. Kweli nilifikiri hivyo. Nilifunga kibanda siku hiyo nikawapa wenzangu kazi yote.

Nilimwuliza Nyokabi kama naye yanampata. "Ni dawa hiyo," akasema. "Mimi nilitafuta simu siku mbili. Ilikuwa kwa mkebe ya unga. Na ati mume wangu ndiye nilikuwa nashuku." Hakuna daktari aliyekuwa ameniambia. Au labda aliniambia, na likaenda na mengine.

Nikabaki nyumbani na Bibi, na Yusufu akaona ni vizuri tuwe na kitu cha kutupitishia mchana. Akaenda kwa kijana wa mjini anayejaza filamu kwenye flashi, jina lake Gathogo, akaniletea zile watu wote wanazotaka. Watu wanafukuzana kwa magari, wanarushiana risasi, wanaruka madirishani. Nilishindwa kabisa. Sura zote zilikuwa moja. Aliyekufa mwanzoni nilimwona tena akila chakula, na Bibi akiniambia huyo ni mwingine, sikumwamini. Nililia. Nililia kwa sababu ya filamu ya kupigana, mimi mtu mzima, na Bibi akaizima.

Yusufu alirudi kwa Gathogo akamwambia anataka filamu zenye watu wachache wasiokimbia. Alinisimulia jinsi Gathogo alivyocheka.

"Ziko, lakini hizo hakuna mtu huchukua," alimwambia. "Niko nazo huko chini kabisa. Mtu anakunywa chai, anaangalia ukuta, muvi imeisha. Chukua zote, mzee, sitaki kitu."

Nyingi zilikuwa za nchi za mbali na majina yake Gathogo hakuweza kuyasoma, kwa hiyo alizipa majina yake kulingana na kitu cha kwanza alichoona. Ndiyo maana siwezi kuwapa majina halisi. Nawapa ya Gathogo tu, na anayeweza kuzitambua azitafute.

Ya kwanza tuliyoitazama aliiita Mpishi wa Boti. Mwanamke anapika kwenye boti ya mizigo mtoni, na mabaharia hawasemezani. Kila mmoja anakuja na sahani yake, anachukua chakula, anaenda kula pembeni peke yake. Basi. Anapika, wanachukua. Kisha siku moja anaficha sahani zote isipokuwa sinia moja. Nilishusha pumzi nilipoona hivyo. Nilikuwa nimeielewa. Watu walikuwa wanne na niliwajua wote wanne kwa kofia zao.

Maandishi ya chini sikuweza kuyafuata, yalikuwa yanapita kabla sijamaliza mstari. Bibi Zuhura hakusoma shule. Kwa hiyo tulikuwa tunajitungia maneno. Yeye alikuwa anawasemea wanaume kwa sauti nzito, mimi nawasemea wanawake, na mara nyingine tulibishana katikati, kwamba huyo hawezi kuwa amesema hivyo kwa mama yake. Tulikuwa tunatazama baada ya swala ya adhuhuri mpaka alasiri, pazia likiwa wazi. Nikilala katikati, hakunisumbua. Nikiamka na kuiomba tena ile ya jana kwa sababu sikumbuki kama nimeiona, alikuwa anaguna tu na kuiweka.

"Hii tumeiona, Mariamu."

"Lini?"

"Jana. Na juzi. Lakini yule mwenye masharubu bado hajanieleza vizuri, tumwangalie tena."

Nyingine niliyoipenda ni Fundi Mzee. Ni fundi nguo katika mji wenye joto, ameshona gauni la harusi na mwenye gauni hakurudi kulichukua. Linaning'inia dukani filamu nzima. Anashika mkasi vibaya, hilo niliona mara moja na nikamwambia Bibi huyo si fundi ni mwigizaji. Lakini jinsi anavyolipangusa vumbi gauni lile kila asubuhi, hapo hakuna aliyemfundisha kuigiza. Kama una mgonjwa nyumbani, anza na hizo mbili. Zina watu wachache, kazi ya mikono unayoielewa hata bila maneno, na ukisinzia hujapitwa na mengi.

Baada ya dawa ya tatu tukatazama ile aliyoiita Dereva, na hapo ndipo mambo yanaponichanganya mpaka sasa, kwa hiyo nitaenda polepole.

Filamu ni ya nchi kavu yenye milima isiyo na mti. Mwanamume anaendesha lori. Ana mke bondeni, na juu mlimani, mwisho wa barabara, ana mwanamke mwingine na mtoto mdogo anayevaa sweta nyekundu. Siku moja mke anaikuta sweta hiyo kwenye kiti cha lori, imetoboka kiwikoni. Hapigi kelele. Anaiziba vizuri kwa uzi wa rangi ileile, anaikunja, anairudisha kwenye lori. Mume anaiona, anaendesha, hasemi. Basi, inaisha. Bibi alilaani mwanamume yule kwa muda mrefu. Mimi nilifikiria ule mshono tu.

Siku zilizofuata nilikuwa kitandani, na nakumbuka hivi: ni mchana, Yusufu ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika kofia yake mkononi. Anasema, "Mariamu, kuna mtoto." Nalia, nageukia ukuta. Nakumbuka pia sweta nyekundu kwenye kiti cha lori letu, kiwiko kimetoboka. Nakumbuka nyumba ya mabati upande wa Chaka, mlango wa buluu, na mwanamke amesimama mlangoni akikinga jua kwa mkono. Yote niliyakumbuka kwa mwanga mmoja na uzito mmoja. Hakuna lililojitambulisha kuwa la kweli, wala lililojitambulisha kuwa la runinga.

Ukishakuwa na jambo kama hilo kichwani, unaona dalili kila mahali. Yusufu alianza kutoka nje kupokea simu. Alikuwa anasimama karibu na tangi la maji akiongea chini chini, na nikitokea anasema, "Haya, tutaongea." Yeye na Bibi walikuwa wananyamaza nikiingia jikoni. Na Amina hakuja likizo. Alituma ujumbe kwamba ana mazoezi ya kufundisha. Nikajiambia, hata Amina anajua, ameona haya kwa ajili ya baba yake.

Sikumwuliza mtu. Dini yetu inamruhusu, nilijiambia. Na nilijiona kwenye kioo bila mtandio: kichwa kama yai, nyusi hakuna, mifupa ya mabega imetokeza kama hanga ya nguo. Nilimfanyia heshima, nikimpakulia chakula, nikimwuliza barabara ilikuwaje. Alikuwa ananiuliza, "Una nini?" Nami nasema, "Dawa." Kufikia dawa ya nne nilikuwa nimeanza kumwonea huruma mtoto yule kwa baridi ya huko Chaka. Nilijiuliza kama ana sweta nyingine.

Dawa ya tano iliangukia wakati mvua fupi zimeanza. Asubuhi hiyo nilivaa, nikanywa chai nusu kikombe, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikasema siendi.

Bibi alidhani ni kichefuchefu. "Utaenda polepole. Yusufu ameazima gari la rafiki yake, hutatikiswa."

"Siendi tena, Mama. Nimechoka. Mwacheni Yusufu aende akakae na yule wa Chaka, asiendelee kunibeba mimi."

Bibi aliweka sufuria chini. "Wa Chaka nani?"

"Mama, na wewe unajua."

Alimwita Yusufu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitumia. Akaja na funguo mkononi, matope kwenye viatu. Nikamwambia yote, bila kupandisha sauti: nyumba, mlango wa buluu, mwanamke, mtoto, sweta. Nikamwambia namsamehe. Kadiri nilivyosema ndivyo uso wake ulivyozidi kupotea. Alimwangalia mama yake kama anayeomba kutafsiriwa.

"Sweta nyekundu?" Bibi akasema. "Kiwiko kimetoboka?"

"Ndiyo."

Alianza kucheka, kisha akashika mdomo, na machozi yakawa yanamtoka. "Mariamu, mwanangu. Hiyo ni muvi. Ni ya yule dereva mshenzi. Tuliitazama mimi na wewe, hapo kwenye kochi."

Sikumwamini. Nilidhani wamekubaliana. Nawaelezeni mjue ilivyokuwa: nilimtazama mwanamke aliyeninyoa nywele na kunishikia beseni nikitapika, nikaona mtu anayemfichia mwanawe. Yusufu hakubishana. Alinishika mkono, akanipeleka sebuleni na koti langu la kwendea hospitali mwilini, akachomeka flashi. Tukaketi watatu kwenye kochi asubuhi ile, mvua ikipiga mabati, tukaangalia lori likipanda mlima usio na mti.

Sweta ilikuwepo. Kiwiko kilikuwepo. Mwanamke mlangoni akikinga jua, mlango wa buluu, vyote. Nilihisi kama mtu aliyevuliwa mzigo na nguo pamoja. Nilitaka kucheka na sikuweza, kwa sababu nilikuwa bado nangoja. Filamu iliisha na kile nilichokuwa nangoja hakikuja.

"Ile ya kitandani haimo," nikasema.

"Ipi?" Bibi akauliza.

"Anayekaa kitandani na kofia. Anayesema kuna mtoto. Mbona hawakuionyesha?"

Yusufu aliizima runinga. Alikaa akiangalia kioo cheusi, kisha akanigeukia.

"Haimo kwa sababu ile ilikuwa mimi," akasema. "Nilikuambia kuna mtoto. Wa Amina."

Nilimwuliza mtoto gani wa Amina. Niliuliza kama mjinga. Akanieleza tena, neno moja moja, jinsi alivyonieleza mara ya kwanza: kwamba Amina ana mimba, kwamba kijana ni mwenzake wa chuo, kwamba ameogopa kuniambia mwenyewe nikiwa mgonjwa akampigia baba yake. Na kwamba nilipoambiwa nililia, nikageukia ukuta, na tangu siku hiyo sikulitaja jambo hilo hata mara moja.

"Tulingoja useme neno," akasema. "Hukusema. Nikamwambia Amina mama yake amekasirika, tumwache mpaka dawa ziishe. Ndiye ninayeongea naye huko nje. Kila siku ananiuliza, Mama amesema nini?"

"Mimi nilisema tumwulize tena," Bibi akasema. "Nyinyi mkasema asisumbuliwe. Haya sasa."

Kumbe wakati mimi nimekaa ndani ya nyumba nikiamini mume wangu ana mtoto, binti yangu alikuwa chumbani kwake Nanyuki akiamini nimemkataa na mtoto wake. Wote tulikuwa tunafanyiana adabu. Nilimwomba Yusufu simu. Vidole havikusikia vitufe, akapiga yeye.

"Baba?" Amina akasema.

"Ni mimi."

Nilisikia wanafunzi wakicheka mbali.

"Amina, sikujua."

"Baba alikuambia, Mama."

"Aliniambia. Sikujua." Sikuweza kulieleza zaidi ya hapo, na sidhani hata leo naweza. "Kichwa changu kimechanganya mambo. Nimejua sasa hivi."

"Kwa hiyo hukukasirika?"

"Sijui," nikasema. "Bado sijapata nafasi."

Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, nami nikafuata, na Yusufu akasimama akaenda dirishani. Hasira ilikuja baadaye, siwezi kudanganya. Ilikuja jioni, na ikakaa siku kadhaa, kwa sababu ya masomo yake na kwa sababu ya mengi. Lakini ilikuwa hasira yenye mahali pa kwenda.

Tulifika hospitali tumechelewa sana. Sista aliyekuwa zamu alisema, "Mama Amina, nilijua leo hukuji. Mlikuwa wapi?" Yusufu, ambaye hajui kudanganya, akamwambia tulikuwa tunatazama filamu. Alituangalia sote wawili, kisha akanitafutia kiti. Ndiyo dawa pekee niliyoipokea nikicheka.

Nilimweleza daktari pia, safari hiyo. Nilikuwa nimeogopa kwamba ataniona mwehu. Akasema wengi hupatwa na hali ya namna hiyo, na kwamba ningesema mapema. Ninyi mnaosoma, semeni mapema. Mwambie mmoja nyumbani kwamba kichwa kinachanganya, na umwulize waziwazi, hili lilitokea au nililiona tu? Usione haya hata kama swali lenyewe ni la kipumbavu. Na filamu tazama na mtu mwingine, mchana, ili awepo shahidi. Sisi tuliendelea kutazama. Sikuiacha hata ile ya dereva, ambayo bado naona ni nzuri kuliko zote, ila nisingempa mgonjwa aliye katikati ya dawa.

Lakini nisiwape picha kwamba kila kitu kilinyooka. Mwezi uliopita nilipanda na Yusufu hadi Chaka, mara ya kwanza tangu niugue, na njia nzima nilikuwa natafuta mlango wa buluu. Najua haupo. Nimeuona kwa macho yangu kwamba ni wa runinga. Hata hivyo, kumbukumbu haikutoka nilipoonyeshwa ukweli; imekaa palepale, na mwanamke wake amesimama. Yusufu aliniuliza natafuta nini dirishani nikamwambia. Akapunguza mwendo ili nitazame vizuri.

Dawa ya mwisho niliipata Desemba. Januari ukungu ulikuwa umeondoka, mlima unaonekana wote mpaka theluji, na skani ikasema tezi zimerudi udogo wake. Kijana wa Amina alikuja na wajomba zake, nikah ikafungwa sebuleni kwetu, na Bibi akamhoji bwana harusi mpaka jasho likamtoka. Mvua ndefu ziliporudi, mtoto akazaliwa, msichana, na Amina akaja kukaa kwetu arubaini yake. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kuota, laini na za mawimbi, si zile nilizokuwa nazo. Zilikuwa zinalingana urefu na za mtoto.

Alasiri moja, Yusufu akiwa hana mzigo, tulitazama sote ile Gathogo aliyoiita Mzee wa Ziwa. Hiyo ndiyo ya mwisho ninayowapendekezea. Mzee aliyefiwa na mkewe anajifundisha kuogelea kwenye ziwa dogo, nchi ya baridi. Hakuna anayemsaidia. Anazama, anakohoa, anarudi kesho. Mwishoni anavuka ziwa lote, anafika ng'ambo, anaketi kwenye majani akitetemeka, na anaanza kucheka. Anacheka peke yake kwa muda mrefu, na filamu inaishia hapo. Nilikuwa nimeshaiona na Bibi mara kadhaa na sikuwahi kujua kinachomchekesha.

"Anacheka nini?" Amina akauliza, mtoto akinyonya.

"Sijui," nikasema.

"Labda ni baridi," akasema Bibi. "Baridi ikizidi mtu hucheka."

Yusufu alikuwa ameinama akiikodolea macho runinga. "Nguo zake," akasema. "Ameziacha ng'ambo ile alikotoka."

Nikairudisha nyuma. Ni kweli. Kule mbali, udogo wa kucha, palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe suruali, shati na kofia vimekunjwa vizuri. Nimeshona nguo maisha yangu yote na sikuziona. Mzee wa watu amevuka ziwa zima na hana cha kuvaa.

"Masikini," Amina akasema. "Sasa atarudi vipi?"

Bibi Zuhura akanyoosha mikono kumpokea mtoto amcheulishe.

"Si ameshajua kuogelea?" akasema.